Shawa inafifia mtu akifungua koki ya jikoni: kutafuta chanzo cha presha dhaifu kwenye nyumba kubwa

Nyumba nyingi kubwa za Tanga, Raskazone na Chumbageni mpaka Kange, hazitumii maji ya laini ya mtaani moja kwa moja. Maji ya Tanga UWASA, yanayotoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, huingia kwanza kwenye simtanki, kisha tangi ndilo linaloihudumia nyumba. Kwa hiyo presha inayolalamikiwa bafuni mara nyingi haihusiani na mamlaka hata kidogo. Ni urefu wa maji juu ya koki, ukitoa kile kinachopotea njiani ndani ya mabomba.

Urefu una hesabu rahisi: kila mita 10 za maji ni takriban bar 1. Tangi ambalo kitako chake kiko mita 4 juu ya kichwa cha shawa linatoa bar 0.4 tu, na hapo hakuna mtu aliyefungua koki nyingine. Ukubwa wa tangi haubadilishi kitu. La lita 1,000 na la lita 10,000, maji yakiwa usawa mmoja, presha ni ile ile. Wako wanaonunua tangi kubwa zaidi ili "kuongeza msukumo", wanapandisha tani kumi za maji kwenye mnara uliojengewa tani mbili, na shawa inabaki vile vile.

Kwa kuwa mtaji wenyewe ni mdogo hivi, bomba jembamba linaumiza hapa kuliko mahali penye presha ya bar 3 au 4. Mwenye bar 4 akipoteza bar 0.4 njiani hajui hata kama amepoteza. Mwenye bar 0.4 akipoteza hiyo hiyo, amebaki na matone.

Pima kabla ya kuvunja ukuta

Vitu vitatu vinatosha: ndoo ya lita 10, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na geji ya presha yenye uzi wa nusu inchi. Geji iwe ya bar 0 hadi 2.5. Ile ya bar 0 hadi 10 inayouzwa madukani kwa wingi haisomeki chini ya bar moja. Mshale unatikisika kidogo tu, nawe unabaki kukisia.

Ghorofani, ambako tangi liko mita mbili tatu tu juu ya koki, mpira mwangavu ambao mafundi ujenzi hupimia levo unasema kweli kuliko geji. Funga ncha moja kwenye koki, nyingine iinue juu, fungua koki. Maji yatapanda ndani ya mpira yatulie usawa wa maji ya tangini. Sasa mwambie mtu afungue bafu la pili. Utaona maji yanashuka mbele ya macho yako, na hizo sentimita yalizoshuka ndizo zinazoliwa na bomba ambalo mabafu hayo mawili yanachangia.

Soma hivi. Kama maji yaliyosimama yana presha ndogo kuliko urefu wa tangi unavyotaka, kuna hewa iliyonasa bombani, au usawa wa maji tangini uko chini kuliko ulivyodhani. Kama yakisimama ni sawa ila yakitembea yanaporomoka, kosa ni bomba jembamba, valvu iliyofungwa nusu au uchafu. Kama yote mawili ni sawa na shawa bado ni dhaifu, tatizo ni shawa yenyewe. Hilo la mwisho hutokea zaidi ya watu wanavyokubali: vichwa vipana vya mvua na koki za kisasa za kuchanganya moto na baridi, vingi vimetengenezwa kwa bar 1 na kuendelea, na hakuna bomba litakaloviridhisha kwa tangi la mita 4.

Shawa moja inakwenda vizuri, mbili hazikwendi

Hili ndilo lalamiko kubwa, na karibu kila mara chanzo ni laini kuu. Fundi ametoa bomba la 20 au 25 (milimita za upana wa nje) kutoka tangini, akalizungusha nyumba nzima, kila bafu likachomoa tii (kiungio cha njia tatu) mahali lilipopita. Wa mwisho kwenye mstari anaoga kwa huruma ya waliomtangulia.

Tazama namba. Bomba la PPR (plastiki inayounganishwa kwa kuchomelewa) la PN20 (daraja la presha), lile nene linalopatikana kila duka, lina tundu dogo kuliko jina lake: la 20 lina tundu la milimita 13.2, la 25 ni 16.6, la 32 ni 21.2, la 40 ni 26.6. Ukipitisha lita 20 kwa dakika kwenye mita 10 za bomba lililonyooka, la 20 linakula urefu wa mita 5, la 25 mita 1.7, la 32 nusu mita, na la 40 sentimita 17 tu. Ukiongeza matumizi mara mbili kwenye bomba lile lile, upotevu hauongezeki mara mbili. Unakaribia mara tatu na nusu hadi nne. Ndiyo sababu shawa ya kwanza inakudanganya kwamba kila kitu kiko sawa.

Chukua nyumba ya chini yenye vyumba sita, mabafu manne, jiko, na koki ya uani ya kutawadhia. Usijumlishe koki zote, maana hazifunguliwi pamoja. Jumlisha asubuhi moja mbaya, watoto wanajiandaa na shule: shawa mbili kwa lita 8 kila moja, tangi la choo linajaa kwa lita 6, jikoni lita 6. Jumla ni 28. Fanya 30 kwa dakika. Kitako cha tangi kiko mita 7 kutoka sakafuni, kichwa cha shawa mita 2.1. Mtaji wako ni mita 4.9 pale tangi linapokaribia kuisha, na hapo ndipo pa kupigia hesabu, si tangi likiwa limejaa.

Laini kuu ina mita 12. Ikiwa ya 20, hizo lita 30 zingehitaji urefu wa mita 13, ambao haupo. Ikiwa ya 25, ni mita 4.3 za bomba tupu; ongeza asilimia 40 ya elbo, tii na valvu, unafika mita 6. Haupo pia. Kwa ya 32 ni mita 1.3, na viungio 1.8. Kwa ya 40 ni chini ya nusu mita, na viungio 0.6. Sasa ongeza tawi la 25 la mita 6 linaloingia bafuni na kubeba shawa na choo, lita 14 kwa dakika: mita 0.7 pamoja na viungio. Kisha mkia wa 20 wa mita 3 unaopanda kwenye shawa: mita 0.4. Kwa laini kuu ya 32 unabaki na mita 2 za kusukuma maji kwenye koki na kichwa cha shawa, kwa ya 40 unabaki na mita 3.2. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kuoga na kusubiri.

Kanuni tunayoishika kwa nyumba ya tangi bila pampu ni laini kuu ya 40 kutoka tangini mpaka bafu la pili, 32 kutoka hapo mpaka mwisho, 25 kwa kila bafu, na 20 kwa mkia wa koki moja tu, usiozidi mita 3. Bomba la 20 linalohudumia koki mbili limeshakosea.

Kuna njia ya kubana gharama ambayo wengi wanaiacha. PPR ya PN10 ya 32 ina ukuta mwembamba, na tundu lake ni milimita 26.2, karibu sawa kabisa na la 40 ya PN20. Kwa maji baridi ya tangi, ambayo presha yake haifiki hata bar 1, PN10 inatosha na kubaki. Ukuta mnene unahitajika kwenye maji ya moto. Angalia tu duka lisikuchanganyie mzigo, kwa sababu zote zimeandikwa 32. Soma maandishi ya ubavuni mwa bomba, au pima unene wa ukuta: PN10 ya 32 ni milimita 2.9, PN20 ni 5.4.

Na ukibadilisha chuma cha zamani kuweka PPR, usibadilishe "inchi moja kwa inchi moja". Chuma cha inchi moja kina tundu la milimita 27 hivi, PPR ya 32 inayouzwa kwa jina hilo hilo ina 21.2. Nyumba nyingi za zamani za mjini zilipoteza presha siku zilipokarabatiwa, kwa kosa hili tu. Panda saizi moja.

Kurekebisha nyumba iliyokwisha pakwa plasta si lazima kuvunja kila ukuta. Shusha laini mpya ya 40 nje, ukutani, kutoka tangini, kisha ingia kila bafu kwa tii ya 40 kwa 25, na laini ya zamani iachie vyoo na koki ya uani. Kwa mita 18 utanunua mapande matano ya mita 4. Weka valvu na yunioni (kiungio kinachofunguka) kwenye kila tawi, ili bafu moja likiharibika usifunge nyumba nzima. Valvu ziwe za kufungua kwa robo mzunguko zenye tundu kamili, au geti. Stopkoki ya kizamani yenye washa (ringi ya mpira) inakula sawa na mita sita za bomba au zaidi hata ikiwa imefunguliwa yote. PPR inayopita juani ivalishe kifuniko au ipake rangi, jua la pwani linaichakaza. Sehemu hiyo ya nje unaweza pia kutumia bomba jeusi la poli.

Chini yanakuja, ghorofani hayaji

Kila ghorofa inakata mita 3, yaani bar 0.3. Tangi lililowekwa juu ya slebu ya paa, bila mnara, lina kitako karibu mita moja tu juu ya shawa ya ghorofani. Hapo bomba la 40 au la 50 halitakuokoa; umepungukiwa urefu. Una njia mbili: kuinua tangi, na kumbuka kila lita 1,000 ni tani moja, kwa hiyo mnara ni kazi ya mhandisi, au kuweka pampu ya presha kwa ghorofa ya juu peke yake na kuiacha ya chini iendelee na tangi. Kuipa nyumba nzima pampu kwa ajili ya mabafu mawili ni kulipa umeme wa koki ambazo hazikuwa na shida.

Ila angalia jambo moja kwanza. Ikiwa ghorofani maji yanakuja vizuri saa ambazo chini hawatumii, basi urefu unatosha na wanaokunyang'anya ni wa chini. Toa laini ya ghorofani peke yake kutoka tangini, tundu lake na valvu yake. Mara nyingi hilo linamaliza kesi.

Maji yalikuwa mazuri, yamepungua kidogo kidogo

Miezi au miaka inapopita na maji yanapungua, bomba halijabadilika saizi. Kuna kitu kinalijaza. Anza karibu kabla ya kwenda mbali. Fungua kichujio cha mdomo wa koki, kichwa cha shawa, na chujio dogo kwenye ingizo la tangi la choo. Wanaochanganya maji ya kisima watakuta chokaa. Mwamba wa upande wa Amboni na Pongwe ni wa chokaa, na maji yanayokaa humo hutoka mazito. Loweka kichwa cha shawa kwenye siki usiku kucha, kisha sugua. Baadaye pima ndoo. Ikiwa lita 10 bado zinachukua zaidi ya sekunde 75, endelea kurudi nyuma kuelekea tangini, valvu moja baada ya nyingine. Geti valvu ya bei rahisi inaweza kukatika ulimi ndani: mkono unazunguka, lango limebaki limeshuka.

Chuma karibu na bahari ni habari nyingine. Kutu ya nje unaiona, ya ndani hujui mpaka ukate. Bomba la chuma la nusu inchi la miaka mingi linaweza kubaki na njia ndogo sana katikati, na hakuna dawa ya kulisafisha inayofaa kupita kwenye maji ya kunywa. Badilisha.

Nyumba mpya ikiwa dhaifu tangu siku ya kwanza, ingawa saizi zote ziko sawa kwenye karatasi, shuku maungio ya PPR. Mashine ya kuchomelea hufanya kazi kwa nyuzi joto 260, na bomba la 20 linahitaji sekunde 5 tu, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, la 40 sekunde 12. Fundi mwenye wasiwasi wa kuvuja huchoma sekunde 15 na kusukuma kwa nguvu. Plastiki iliyoyeyuka inakwenda ndani, inaganda kama ringi, na tundu la milimita 13 linabaki 7 au 6. Kiungo kama hicho hakivuji kamwe, ndiyo maana hakuna anayekishuku. Na nyumba yenye elbo arobaini ina ringi themanini. Kabla kazi haijaanza, mwombe fundi aunganishe vipande viwili kwa soketi mbele yako, kisha pitisha chuma laini cha milimita 10. Kikipita kwenye la 20 bila kukwama, mkono wake ni mzuri. Alama ya kina ipigwe kwa penseli, milimita 14 kwa bomba la 20, na bomba lisisukumwe kuvuka alama.

Koki inakohoa na kutema hewa

Hii inakuja baada ya tangi kukauka na kujazwa tena, na nyumba za presha ndogo ndizo zinazoteseka. Bomba linalopanda juu ya mlango au boriti kisha kushuka linatengeneza nundu, hewa inakaa pale juu, na mita zako chache za maji haziwezi kuisukuma. Dalili yake ni koki moja au bafu moja tu kukauka huku jirani yake linatiririka.

Kuitoa leo: funga valvu ya tangi, funga mpira kati ya koki yenye maji ya laini ya mtaani na koki iliyokauka, fungua koki nyingine ya chini kwenye tawi lile lile, na uruhusu maji yasukume kinyume kwa dakika moja. Kaa pale pale mpaka umalize, na ukifungue kiunganishi mara moja. Laini ya mtaani ikikatika huku mpira umeunganishwa, maji ya nyumbani yatarudi kwenye mtandao wa watu. Kuizuia isirudi: nyoosha laini iwe na mteremko wa mfululizo, na mara tu baada ya valvu ya tangi weka bomba la pumzi la 20 linalopanda mpaka juu ya usawa wa maji ya tangi, mdomo wake ukiinamishwa na kufunikwa wavu wa mbu.

Pampu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima

Hakuna koki iliyofunguliwa na pampu inawaka kila baada ya dakika chache: kuna mvujo, mara nyingi choo kinachovuja kimya kimya, au valvu ya kuzuia maji kurudi haifungi. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo na usubiri robo saa. Ikionekana kwenye bakuli, umempata mwizi.

Koki imefunguliwa na pampu inawaka na kuzima kila sekunde chache: mtungi wa presha hauna hewa. Zima pampu, fungua koki maji yaishe kabisa, kisha pima hewa kwenye valvu ya mtungi kwa geji ya tairi. Iwe bar 0.2 chini ya presha inayowasha pampu. Ikiwaka kwa 1.5, weka 1.3. Maji yakitoka kwenye hiyo valvu, mpira wa ndani umepasuka.

Pampu haitibu bomba jembamba. Ukisukuma lita 30 kwa dakika kwenye bomba la 20 maji yanakimbia zaidi ya mita 3.5 kwa sekunde, kelele unaisikia sebuleni, na shawa ya pili bado inashuka. Usisome namba kubwa mbili za kibao cha pampu, lita za juu na urefu wa juu, kana kwamba unazipata pamoja: pale inapotoa lita zake za juu kabisa, haina urefu wowote. Na pampu isifungwe moja kwa moja kwenye laini ya mtaani. Inavuta maji ya majirani, na palipo na ufa bombani inavuta matope na maji machafu ya ardhini. Ivute kutoka tangi la chini lenye floti, kwa bomba lisilo dogo kuliko mdomo wa pampu.

Mabomba yanagonga ukutani

Kishindo kimoja wakati wa kufunga koki ya robo mzunguko au mashine ya kufulia inapokata maji: mwendo ni mkubwa. Shusha presha ya pampu au panua tawi ili maji yasizidi mita 2 kwa sekunde. Mtetemo unaoendelea huku maji yakitoka kwa kawaida ni washa iliyolegea au bomba lisiloshikiliwa. PPR ya 20 ishikwe kila sentimita 60 hadi 80.

Maji ya moto tu ndiyo dhaifu

Baridi ni sawa, moto ni matone. Angalia valvu ya usalama kwenye ingizo la hita. Ile ndogo inayozuia maji kurudi ina tundu finyu na chokaa huijaza mapema. Ifungue, isafishe au ibadilishe, ila usiiondoe na kuunganisha moja kwa moja, kwa sababu ndiyo inayozuia hita isipasuke. Kwa hita za papo kwa papo za shawa, soma kibao chake: kila moja ina presha ya chini inayohitaji ili swichi ya ndani iwake. Ikiwa inawaka pale tu tangi linapojaa, umepungukiwa mita moja au mbili, na zipo kwenye bomba lako la 20 linalopanda ukutani.